Bohari ya Bara au Bohari ya Bandarini: Tuliyojifunza Kibaigwa



Katika mkutano mkuu uliopita yaliletwa maombi mawili. Mwenye bohari mmoja wa Kurasini, Dar es Salaam, karibu na gati za makontena, ataka kutuwekea mahindi yetu ya akiba. Asema atayapokea, atayahifadhi, atayafunga upya katika mifuko midogo, na kila tutakapomwandikia atatuletea kiasi tukitakacho. Wa pili yuko Kibaigwa, bara, naye asema mahindi yakae huko huko yanakonunuliwa. Mkutano uliagiza halmashauri ikatazame kabla ya senti moja kutoka. Tumekwenda na tumerudi. Majina ya wenye mabohari hatutayataja, maana mkataba bado.

Habari hii si ya karafuu. Karafuu zetu huuzwa katika vituo vya ZSTC na mwenendo wake twaujua sote. Hapa twazungumza juu ya fedha ambazo kila mwanachama alizitenga baada ya vuno, ili chama kinunue mahindi wakati wa bei nafuu, kabla ya miezi ya dhiki na kabla ya Ramadhani. Fedha hizo zikigeuka ukungu ndani ya bohari, hakuna atakayeturudishia.

Kibaigwa ni mji wa Wilaya ya Kongwa, Mkoa wa Dodoma, kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam, kiasi cha kilomita 90 kabla ya kufika Dodoma mjini. Reli haipiti hapo. Mji umekuzwa na malori. Soko lake la nafaka lajulikana nchi nzima, na mahindi huletwa kutoka Kongwa yenyewe, Kiteto na kwingineko. Mvua ya huko ni ya msimu mmoja, tangu Desemba hata Aprili hivi. Baada ya hapo ni jua na upepo mkavu mpaka Novemba. Msomaji aikumbuke miezi hiyo, kwani ndiyo kiini cha somo letu.

Mahindi huvuta maji kutoka hewani kama karafuu ivutavyo. Kila mmoja wetu amekwisha kuona karafuu iliyoanikwa vizuri ikirudi ulaini kwa kulala usiku mmoja mahali pabaya. Mahindi ya kuwekwa yatakiwa yasizidi unyevu wa asilimia 13 na nusu. Yakiwekwa bara katika miezi ya kiangazi hubaki makavu, lakini yakiletwa pwani na kukaa miezi mitano katika hewa yetu nzito, hupanda polepole hata yakapita kiasi, ijapokuwa yalinunuliwa makavu na bohari haivuji tone. Kwa hiyo sisi twaona kwamba mahali pa kuweka kwa muda mrefu ni bara. Bandari ni mlango wa kupitia, si chumba cha kulala.

Na jambo hili si la uzito na bei tu. Mahindi yenye unyevu huota ukungu, na ukungu mwingine huacha sumukuvu, ambayo haionekani kwa macho wala haiondoki kwa kupikwa. Mwaka 2016 watu wapatao 20 walikufa kwa sumu hiyo katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Basi asidhani mtu kwamba mahindi ya bara ni salama kwa sababu ni ya bara. Lazima yapimwe yanaponunuliwa, tena yapimwe yanapotoka.

Kipimo cha unyevu ni chombo kidogo, na mwenye bohari asiyekuwa nacho tungemwacha papo hapo. Mwanachama nyumbani aweza kutumia njia ya chumvi: atwae chupa kavu ya kioo, atie mahindi na chumvi iliyokaushwa, afunge, atikise, kisha angoje kidogo. Chumvi ikigandama kwenye kioo, unyevu umepita asilimia 15.

Tufanye na hesabu. Twataka magunia 300 ya kilo 100, yaani kilo 30,000. Tukinunua mahindi yenye unyevu wa asilimia 16, nayo yakakauka hata asilimia 13, zitabaki kilo 28,966 hivi. Zaidi ya kilo 1,000 zitakuwa zimepaa hewani, na sisi tumezilipia. Hayo ni magunia 10 ya maji! Ndiyo maana twasema tununue kwa mizani na kwa kipimo, wala si kwa gunia la lumbesa lililoshonewa kilemba juu, ambalo hakuna ajuaye lina kilo ngapi.

Sasa tuje Kurasini. Bohari ile ni nzuri, sakafu yake ya saruji, na mizigo imepangwa juu ya mbao mbali na kuta. Lakini kodi yake ni kubwa, na sababu yake ni ukaribu wa gati za makontena. Tukajiuliza: je, sisi twatumia makontena? Tani 30 hazijazi hata makontena mawili ya futi 20, na mzigo kama huu aghalabu huvuka kwa jahazi au meli ndogo. Tungekuwa twalipia mlango tusioupita. Hata wenye makontena wenyewe sasa hawalazimiki kukaa ubavuni mwa gati, kwani Julai 2025 ilifunguliwa rasmi bandari kavu ya Kwala, mkoani Pwani, ili kupunguza msongamano wa Dar es Salaam.

Tena tuliomba bei ya kila kazi peke yake: kupokea, kuweka kwa mwezi, kufunga upya, kutoa, na kupakia. Tukapewa jumla moja. Wenye biashara hii waweza kupunguza kodi ya kuweka, kisha wakajilipa kwenye ada ya kutoa, wakati mzigo wako umekwisha kuwa mikononi mwao.

Lililo kubwa kuliko yote ni hati. Tanzania Bara ina Sheria ya Stakabadhi za Maghala ya mwaka 2005, na mwenye ghala aliyepewa leseni chini yake hutoa stakabadhi yenye kuonyesha mzigo ni wa nani, uzito wake na daraja lake. Mzigo ni amana kwake, si mali yake. Wa Kibaigwa alituonyesha leseni. Wa Kurasini alituonyesha kitabu cha risiti cha kununuliwa dukani.

Mzee mmoja wa halmashauri hakukubaliana nasi. Asema mali iliyo mbali haina mwenyewe, na Kurasini twaweza kufika kwa boti asubuhi tukarudi jioni, lakini Kibaigwa ni safari ya siku mbili. Neno lake ni la haki, nasi hatukulipuuza. Kwa ajili yake tumetia masharti haya katika rasimu ya mkataba: mjumbe wetu aingie bohari siku yoyote bila kutoa habari kwanza, mzigo upimwe kwa mizani ile ile unapoingia na unapotoka, upungufu unaokubaliwa uandikwe kwa asilimia, bima ya moto na wizi iwe kwa jina la chama, na mahindi yetu yasichanganywe na ya mtu mwingine, hata kama ni ya daraja moja.

Ushauri wa halmashauri ni mahindi yakae Kibaigwa, na yaletwe kwa mafungu ya magunia 100. Dar es Salaam tukodi nafasi kwa juma tu, kungoja chombo. Rasimu ipo ofisini kila asubuhi isipokuwa Ijumaa, pamoja na mahindi ya mfano kutoka mabohari yote mawili, chupa na chumvi. Mwenye shaka aje atikise mwenyewe kabla ya siku ya kupiga kura.