Maktaba si ya kusomea madaftari tu

Mtihani wa kidato cha nne humalizika mwezi Novemba. Aliyechaguliwa kuendelea na kidato cha tano hujiunga mwezi Julai. Hapo katikati kijana wa miaka 16 au 17 anakaa nyumbani kiasi cha miezi saba, na sisi wazazi na walimu tunamwambia neno moja tu: asizurure. Aende wapi, hatusemi.

Mimi ni mwalimu wa Maarifa ya Uislamu, na jioni nafundisha madrasa. Mwaka jana niliwachukua vijana 14, wavulana kwa wasichana, nikawa naenda nao kila Jumamosi asubuhi kwenye maktaba ya umma. Nilitaka wasome vitabu visivyo vya mtihani, na wajifunze kutunga. Nataka kueleza tulivyofanya na tulipokwama, ili mwalimu mwingine mwenye nia asipoteze muda kama sisi.

Ukiingia katika maktaba zetu nyingi utakuta viti vimejaa. Tazama mezani lakini. Kila mmoja yuko na daftari lake alilotoka nalo nyumbani na karatasi za mitihani iliyopita. Vitabu vya maktaba vimetulia kwenye rafu. Siwalaumu. Huenda nyumbani kwao ni chumba kimoja, watu sita na redio. Hata hivyo, maktaba hazikuanzishwa kwa ajili ya kiti na meza peke yake. Sheria iliyounda Bodi ya Huduma za Maktaba ilipitishwa mwaka 1963, miaka miwili tu baada ya Uhuru, na Maktaba Kuu ya Dar es Salaam ikafunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967. Nchi ilikuwa maskini kuliko ilivyo sasa, na bado ilionekana kuwa asiye na fedha ya kununua kitabu naye akisome. (Barabara ilipo maktaba hiyo leo inaitwa Bibi Titi Mohamed. Mama huyo, kabla ya kuingia TANU, alikuwa mwimbaji katika kikundi cha ngoma. Wale wanaosema sanaa ni upuuzi wapite hapo wasome kibao.)

Jumamosi ya kwanza tulitolewa nje, kwa adabu. Kosa lilikuwa langu. Niliwaketisha vijana katika ukumbi wa kusomea na kumwambia mmoja asome kwa sauti. Watu wakageuka. Mhudumu akaja akatuambia hapa ni kimya, na kama ni hadithi kuna chumba cha watoto. Tukaenda huko tukakuta viti vinavyofika magotini. Ndipo nilipoelewa tatizo: maktaba ina mahali pa mtoto na mahali pa mtu mzima. Kijana wa miaka 16 hana pake.

Tatizo hili si la kwetu peke yetu. Mwaka 2009 maktaba kuu ya jiji la Chicago, Marekani, ilitenga sehemu ya ghorofa ya chini kwa ajili ya vijana wa sekondari, ikaiita YOUmedia. Waliwekewa kompyuta, kamera na vyombo vya kurekodia sauti, na vitabu vikawazunguka. Huko kuongea kunaruhusiwa, na kijana husimama mbele ya wenzake akasoma alichotunga. Sina haja ya kutetea kila wanachokiimba. Ninachokitaka ni ile busara ya kumpa kijana chumba ambacho sauti yake haitamsumbua mwingine.

Sisi hatukuhitaji kompyuta. Tulimwomba mkutubi, akatupa chumba cha nyuma kilichokuwa kinawekwa magazeti ya zamani. Kitabu tulichochagua kilikuwa na nakala mbili tu, basi tukasoma kwa zamu, mmoja anasoma wengine wanasikiliza, na anayesikiliza ndiye anayeulizwa. Mwezi wa kwanza ulikuwa mgumu. Wengine walikuwa wanasoma neno neno kama wanaokota mchele.

Kilichowaamsha ni utenzi. Niliwaeleza kuwa ubeti una vipande vinne, kila kipande mizani nane, vitatu vya mwanzo vina kina kimoja, na cha nne kinabeba kina kinachokwenda mpaka mwisho wa utenzi. Nilidhani vina vitawasumbua. Kumbe vina wanavijua siku nyingi, wamevipata kwenye bongo fleva! Wasichokijua ni mizani, na hiyo wakaihesabu kwa vidole, silabi kwa silabi. Kisha nikawaambia waandike beti zao kwa herufi za Kiarabu kama wazee wetu wa pwani. Watoto wa madrasa wanaosoma Msahafu vizuri kabisa wakakwama kwenye neno "pacha", kwa kuwa Kiarabu hakina "p" wala "ch". Saa nzima ilikwenda katika nukta tatu ziwekwe wapi.

Halafu msichana mmoja, aliyekuwa hodari kuliko wote, hakuja Jumamosi mbili. Nikaenda kwao.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, Ustadh. Mwanangu nilimruhusu aje kusoma, si kuimba. Mashairi yana cheti?"

Sikuweza kumwambia yana cheti. Nilimkumbusha kuwa imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alimwekea Hassan bin Thabit mimbari msikitini asome mashairi yake. Kisha nikamtajia Mwana Kupona, ambaye mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake Mwana Hashima utenzi wa wasia. Hakutunga kwa ajili ya wasomi. Alimtungia msichana wa nyumbani, na leo wasomi ndio wanaousoma. Nikamwambia pia kuwa hati za mkono za tenzi za namna hiyo zilikusanywa na kuwekwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na orodha yake ikachapishwa mwaka 1970.

Mzee alinyamaza. Baadaye akasema marehemu mama yake alikuwa na utenzi aliousoma akisaga, na yeye anakumbuka nusu ubeti. Hakuusoma. Akasema binti aje, ila afuatane na kaka yake.

Kaka mtu sasa ndiye wa 15. Hataki kutunga, anaazima vitabu vya safari tu, na huvirudisha kwa wakati kuliko wenzake. Binti amefika ubeti wa 38 wa utenzi juu ya mama yake anayeuza vitumbua alfajiri, na kina cha mwisho kimeanza kumpa taabu. Nakala za kitabu bado ni mbili.