Kabla ya Kununua Gari Kuukuu la Dizeli

Mkulima akienda kununua ng'ombe wa maziwa, hatoi fedha kwa kuambiwa tu kwamba ng'ombe huyo ni wa ukoo bora. Humtazama meno, humshika kiwele, humwangalia akitembea. Lakini wako wengi ambao huiacha akili hiyo nyumbani siku ya kununua motokaa. Somo letu la mwezi huu ni juu ya stesheni-wagoni ya dizeli iliyokwisha kutumika, yaani lile gari refu lenye mlango wa nyuma, linalochukua mikebe ya maziwa asubuhi na watu wa nyumbani Jumapili.

Jina la gari si gari

Peugeot 404 ilishinda mashindano ya Safari mwaka 1963, na tena 1966, 1967 na 1968. Ndugu yake 504 ilishinda mwaka 1975 na 1978. Wauzaji hupenda kukumbusha habari hizo. Lakini magari yale yalikuwa ya petroli, yalitengenezwa kwa mashindano, na mafundi walikuwa wakiyangojea njiani. Hili lililo mbele yako limefanya kazi miaka mingi, na hujui lilitunzwaje. Basi usinunue sifa.

Injini ya dizeli hufanyaje kazi?

Injini ya dizeli haina plagi za cheche kama ya petroli. Hewa hubanwa ndani ya silinda karibu mara 20 mpaka inakuwa moto sana. Ndipo pampu husukuma dizeli kupitia nozeli, nayo huwaka yenyewe. Pete za pistoni zikilika, hewa huvuja, joto halitoshi, na gari hukataa kuwaka wakati wa baridi. Tuseme wapeleka lita 100 za maziwa kila asubuhi, kwa shilingi 50 lita moja. Gari likikataa siku moja tu, na maziwa yakaharibika, umepoteza shilingi 5,000.

Mambo ya kupima

1. Nenda asubuhi na mapema, na umwambie muuzaji asiliwashe gari kabla hujafika. Gusa injini. Ikiwa ina joto, rudi siku nyingine, maana injini iliyopashwa moto huficha ugonjwa wake.

2. Tazama moshi. Moshi mweusi usiokoma waonyesha nozeli mbovu, pampu mbovu au chujio la hewa lililoziba. Wa buluu ni oili inayoungua. Mweupe kidogo kwenye baridi si kitu, lakini ukiendelea injini ikiwa moto, na maji ya redieta yakipungua, huenda gasketi ya hedi imekufa.

3. Injini ikinguruma polepole, fungua kifuniko cha kutilia oili. Hewa ikitoka kwa nguvu, pete zimelika.

4. Vuta kijiti cha oili. Oili nyeusi isikutishe, dizeli huifanya hivyo upesi. Oili iliyo kama chai ya maziwa ndiyo mbaya, kwa kuwa maji yameingia.

5. Pakia watu au magunia, upande mlima. Angalia mshale wa joto, na usikilize giaboksi.

6. Inua mazulia, utazame kutu sakafuni. Chungulia springi za nyuma, ambazo hubeba mzigo wote.

Usiamini saa ya maili peke yake. Nyingine huwa na tarakimu tano tu, na baada ya 99,999 huanza tena sifuri. Pedali zilizolika husema kweli zaidi.

Muulize pia alikuwa akinunua dizeli wapi. Pampu nyingi hulainishwa na dizeli yenyewe, nayo ikichanganywa na mafuta ya taa, pampu hulika. Mchezo huo ulizidi hata Serikali ikatoza mafuta ya taa ushuru wa shilingi 18 kwa lita mwaka 2018 ili kuuzuia. Kutengeneza pampu na nozeli ni kazi ya gharama kubwa, basi uliza bei yake mjini kabla ya kupatana.

Karatasi

Hakikisha kwa NTSA kwamba gari ni la huyo anayeuza, na kwamba halina deni la benki. Nambari ya injini na ya chesisi zilingane na zilizo katika kitabu cha gari. Usilipe yote mpaka aanze kukuhamishia umiliki.

Mwisho, mchukue fundi uliyemchagua wewe, si wa muuzaji, na umlipe hata kama hukununua. Ujira wa siku moja ni mdogo kuliko bei ya injini. Wazee walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Maswali ya kujijaribu
1. Kwa nini tupime injini ikiwa baridi?
2. Moshi wa buluu hutokana na nini?
3. Mafuta ya taa huidhuruje pampu?