Sombe, Maharage na Kinga ya Saratani: Kijitabu kwa Kaya za Mishamo

Makazi ya Mishamo yalifunguliwa mwaka 1978 kwa ajili ya watu waliokimbia Burundi mwaka 1972. Wengi wao na watoto wao leo ni raia wa Tanzania, na mapori waliyopewa yamekuwa mashamba na vijiji. Chungu cha jikoni nacho kimebaki na wenyeji wake: maharage, ugali wa muhogo, viazi vitamu, sombe (majani ya muhogo) lenye karanga au mawese, lengalenga (mchicha), matembele, majani ya maboga. Tatizo ni kwamba vijana wengi wanakiona chakula hiki kuwa cha mtu asiye na uwezo. Wakipata fedha hukimbilia chipsi, soseji na mkate mweupe. Sisi tunaoandika kijitabu hiki tunaamini wanaacha kinga nzuri na kununua hatari.

Kilicho ndani ya jani

Mmea hutengeneza kemikali zake wenyewe za kujilinda na jua kali, wadudu na ukungu. Baadhi hutufaa nasi tunapozila. Rangi ya machungwa ya mawese, karoti, boga na viazi lishe hutokana na karotini, ambayo imo pia kwenye majani ya kijani kibichi, ila humo hufunikwa na ule ukijani. Wekundu wa nyanya ni likopini. Ukali wa figiri na kabichi hutokana na kemikali zenye salfa, na harufu ya kitunguu saumu vivyo hivyo. Katika maabara, nyingi kati ya kemikali hizi zimeonekana kusaidia seli kuondoa sumu na kupunguza madhara yanayoweza kugeuza seli ya kawaida kuwa ya saratani. Hata hivyo, sehemu kubwa ya utafiti huo imefanywa kwenye seli na panya. Asikudanganye mtu kwamba mboga fulani moja inazuia saratani.

Ushahidi kwa binadamu ni imara zaidi upande wa makapi mlo, yaani nyuzinyuzi za maharage, mbaazi, dona, mtama na mboga. Daktari Denis Burkitt, mpasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi Uganda miaka mingi, aliona kwamba saratani ya utumbo mpana ilikuwa nadra mno kwa wagonjwa wake wa vijijini, huku Ulaya ikiwa ya kawaida. Katika miaka ya 1970 alieleza kwamba chakula chenye makapi mengi huenda ndicho kiliwakinga. Tafiti nyingi zilizofuata zimeonyesha kwamba wanaokula makapi mlo mengi hupata saratani hiyo kwa kiasi kidogo zaidi. Vijidudu rafiki vya tumboni huyachachusha makapi hayo na kutoa asidi inayolisha ukuta wa utumbo na kutuliza uvimbe wa ndani.

Ushahidi mwingine umetoka hapa hapa Tanzania. Mwaka 2025 watafiti wa hospitali ya KCMC, Moshi, na wenzao wa Uholanzi walitangaza matokeo ya utafiti wa wanaume 77 mkoani Kilimanjaro. Baadhi ya waliozoea chakula cha kijijini, kama ndizi, maharage, mboga za majani na nafaka zisizokobolewa, walipewa soseji, mkate mweupe na chipsi kwa wiki 2. Baadhi ya watu wa mjini walipewa chakula cha kijijini kwa muda huo huo. Wale wa kwanza, dalili za uvimbe wa ndani katika damu zilipanda. Wale wa pili zilishuka, na baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yanaonekana wiki 4 baadaye. Utafiti huo haukupima saratani. Lakini uvimbe wa ndani usiokwisha ni miongoni mwa njia ambazo saratani huanzia, na wiki 2 ni muda mfupi sana kuona mwili umebadilika hivyo.

Jikoni

Karotini huyeyuka kwenye mafuta, kwa hiyo lengalenga la kuchemsha tupu humnufaisha mlaji kidogo. Ongeza karanga zilizotwangwa au kijiko cha mafuta. Mawese yasiunguzwe mpaka yawe meupe, kwani weupe huo ni karotini iliyokwisha kuharibika. Nyanya iliyopikwa kwa mafuta hutoa likopini yake vizuri kuliko mbichi. Figiri, kabichi na kitunguu saumu vikatwe, viachwe dakika chache, ndipo viende jikoni, kwa sababu kemikali zake hutengenezwa baada ya kisu kupita. Magadi huharibu vitamini za mboga, hivyo yaepukwe. Mboga za kuhifadhi kwa kiangazi zikaushwe kivulini, maana jua kali hula karotini.

Sombe ni habari ya pekee. Jani la muhogo lina kemikali ya asili inayotoa sianidi, ambayo ni sumu. Kulitwanga vizuri na kulichemsha muda mrefu bila kufunika ndiko kunakoitoa. Wala tusiseme kwamba kitu kikiwa cha asili basi ni salama.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kila siku, sawa na viganja 5 hivi. Msimu wa ubuyu, ukwaju na embe, hilo si gumu kwa Mishamo.

Vidonge na dawa za chupa

Wapo wanaouza vidonge na chupa za "virutubisho vya mimea" kwa bei ya gunia la mahindi. Huko Finland, wavutaji sigara wanaume 29,133 walifuatiliwa kuona kama karotini ya vidonge na vitamini E vingewakinga. Mwaka 1994 ikatangazwa kwamba waliomeza karotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wasioimeza. Kemikali ile ile iliyomo kwenye mboga, ilipomezwa kwa wingi kama kidonge, ilidhuru.

Ni kweli kwamba ua la vinka, linalopandwa mbele ya nyumba nyingi, limetoa vinkristini, dawa inayotibu saratani za damu na saratani iitwayo uvimbe wa Burkitt kwa watoto. Dawa hiyo husafishwa kiwandani na kupimwa kwa miligramu. Kuchemsha maua hayo nyumbani na kumnywesha mgonjwa ni kumpa sumu.

Tumbaku na karanga zenye ukungu

Hatuwezi kusema kuhusu saratani Mishamo tukanyamazia tumbaku. Ni zao linalolipia mahitaji ya shule, tunajua. Lakini moshi wake una kemikali zipatazo 70 zinazosababisha saratani, na ugoro nao husababisha saratani ya kinywa. Hakuna sombe linaloweza kufuta madhara hayo. Mkulima asivute anachokilima, na mtoto asitumwe kuchuma majani mabichi wala kuchochea moto wa bani la kukaushia tumbaku. Kipande cha ardhi karibu na maji kibaki kuwa bustani ya mboga hata msimu wa tumbaku ukipamba moto.

Sumukuvu ni hatari kubwa kwetu. Ukungu wa mahindi na karanga huitoa, nayo husababisha saratani ya ini, hasa kwa mwenye homa ya ini aina ya B. Mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kupika hakuiondoi. Anika juu ya turubai, si kwenye udongo. Hifadhi punje zikiwa kavu kabisa. Chambua zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu na uzitupe. Usiwape kuku, wala usizisage kwa ajili ya uji wa mtoto.

Mlo mzuri hupunguza hatari, hauiondoi. Msichana apelekwe kupata chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi, inayotolewa bila malipo, na mama aende kupimwa kabla ya dalili. Ukiona uvimbe kwenye titi, damu isiyo ya kawaida, kidonda kisichopona au chakula kinakwama kooni, nenda kituo cha afya wiki hii hii na uombe rufaa ya kwenda hospitali ya Mpanda. Usisubiri mavuno.