Ukungu Dhidi ya Nzi wa Maembe: Namna ya Kutumia Dawa Iliyo Hai

Embe linapoanguka lenyewe chini ya mti likiwa na kitundu kidogo kinachotoa ute, hasara huwa imeingia siku nyingi nyuma. Nzi jike wa matunda hutoboa ganda la embe linaloanza kukomaa na kutaga mayai ndani. Mayai huanguliwa baada ya siku chache, na funza huanza kula tunda kwa ndani. Dawa inayopulizwa juu ya ganda haiwafikii. Ndiyo sababu mkulima anaweza kupuliza dawa kali mara kwa mara na bado akapasua embe zuri machoni akakuta funza.

Nzi anayesumbua zaidi kwa sasa ana asili ya Asia na aligunduliwa nchini mwaka wa 2003, katika eneo la Pwani. Mwaka wa 2014 Kenya ilisimamisha yenyewe uuzaji wa maembe mabichi katika nchi za Umoja wa Ulaya kwa sababu ya nzi huyo, na mauzo hayakurejea hadi 2021. Anayeuza soko la karibu naye haponi. Dalali akikuta funza katika embe moja, bei ya gari zima hushuka.

Miongoni mwa njia zinazotumika kupambana naye ni ukungu unaoua wadudu, ambao kwa jina la kitaalamu huitwa Metarhizium. Ukungu huu huishi udongoni kiasili. Watafiti wa kituo cha icipe kilichoko Kasarani, Nairobi, wamekusanya aina nyingi na kuchagua zile zinazoua vizuri wadudu fulani. Aina iitwayo ICIPE 69, inayotumika dhidi ya nzi wa matunda, ilitolewa kwenye udongo wa Kongo mwaka wa 1990. Nyingine, ICIPE 7, ilipatikana kwa kupe katika kisiwa cha Rusinga mwaka wa 1996. Kwa hivyo dawa hii si kemikali iliyotengenezwa maabarani. Ni kiumbe hai aliyezalishwa kwa wingi na kufungwa kwenye pakiti.

Tofauti hiyo ndiyo inayowakosesha wengi. Mbegu za ukungu ni laini kama vumbi, na si lazima mdudu azile. Zikimgusa hunata mwilini, huchipua kama mbegu ya mahindi, kisha hutoboa ngozi yake na kuanza kukua ndani. Mdudu huacha kula, hudhoofika, na hufa baada ya siku nne hadi wiki moja hivi. Penye unyevu, mzoga wake huota unga wa kijani ambao nao huweza kuambukiza wengine. Mkulima aliyezoea kuona wadudu wakidondoka siku ileile huja shambani kesho yake, akaona nzi wakiruka, akasema ameuziwa maji. Hurudi kwenye kemikali na pesa ya dawa ya kwanza imepotea bure, ilhali ukungu ulikuwa kazini.

Mahali pazuri pa kumpata nzi huyu ni ardhini. Funza akishiba hutoka kwenye embe lililoanguka, hujichimbia sentimita chache chini ya mti, na kugeuka buu. Baada ya siku kumi hivi hutoka akiwa nzi mzima. Ukungu ukiwekwa kwenye udongo ulio chini ya matawi humkuta akiingia au akitoka, tena pale chini kuna kivuli na unyevu. Njia ya pili ni mtego maalum wenye chambo: nzi huvutwa ndani, hujipaka unga wa ukungu, kisha huachwa atoke. Anapokutana na wenzake, hasa wakati wa kujamiiana, huwapaka pia. Anayeona nzi wakitoka kwenye mtego huo asidhani umeharibika.

Jua kali huua mbegu za ukungu kwa muda mfupi. Dawa ya kupuliza ipulizwe jioni jua likipungua, si saa sita mchana. Pakiti iliyoanikwa dirishani mwa duka la agroveti, au kuachwa juu ya bodaboda siku nzima, huenda ikawa na ukungu uliokufa. Iwekwe mahali penye ubaridi na kivuli, na tarehe ya mwisho wa matumizi ikaguliwe kabla ya kulipa. Bidhaa iwe pia na nambari ya usajili ya PCPB, bodi inayosimamia dawa za wadudu nchini.

Hatari kubwa zaidi kwa wakulima wa maembe, hata hivyo, ni dawa za ukungu. Miembe ikichanua, wengi hupuliza dawa ya kuzuia ubwiri na madoa meusi. Dawa hiyo haibagui: huua ukungu wa ugonjwa na ukungu rafiki pia. Zisichanganywe katika pampu moja. Pampu iliyobeba dawa ya ukungu ioshwe sana, au bora mkulima awe na nyingine kando. Siku za kuacha kati ya dawa hizo mbili hufuatwa kama zilivyoandikwa kwenye kibandiko.

Ukungu huu haukusudiwi kudhuru watu wala mifugo, lakini vumbi lake linaweza kuwasha macho na kifua, kwa hivyo barakoa na glavu zivaliwe.

Pia hautoshi peke yake. Maembe yaliyoanguka yaokotwe angalau mara mbili kwa wiki na kuzikwa futi mbili kwenda chini, au yafungwe kwenye mfuko mweusi wa plastiki na kuachwa juani hadi funza wafe. Kuyatupa kando ya ua ni kufuga nzi. Na kwa kuwa nzi huruka kutoka shamba moja hadi jingine, wanaopakana hufaidika zaidi wakianza pamoja, matunda yakiwa bado madogo. Vikundi vinavyotaka kuonyeshwa kazi hii shambani vinaweza kumwendea afisa wa kilimo wa wadi kabla miembe haijaanza kuzaa.