Mafaili mawili, jina moja

SWALI: Najifunza C++ hapa Tabora. Mradi wangu una mafaili mawili ya heda yenye jina moja, ramani.h. Nikibofya jina, kihariri kinanifungulia la zamani, ilhali programu inajengwa kwa jipya. Kwa nini?

JIBU: Tangu enzi za misafara, njia ya kutoka Bagamoyo iligawanyika hapo Tabora: moja kwenda Ujiji, nyingine Karagwe. Leo reli nayo inagawanyika hapohapo, kwenda Kigoma na Mwanza. Jina ramani.h peke yake ni tiketi isiyotaja mwisho wa safari.

Kompaila ikikuta #include "ramani.h", huanza kutafuta katika folda ya faili lenye mstari huo, kisha hupita folda ulizozitaja kwa -I, moja baada ya nyingine. La kwanza kupatikana ndilo linalotumika. Kihariri nacho kina orodha yake. Ikitofautiana na ya kompaila, kinakupoteza.

Fanya hivi. Kwanza, taja folda, kwa mfano: #include "kigoma/ramani.h". Pili, ukitumia CMake, washa CMAKE_EXPORT_COMPILE_COMMANDS ili upate compile_commands.json, kisha kielekeze kihariri kwenye faili hilo. Sasa kompaila na kihariri vitafuata njia moja. Tatu, kagua mlinzi wa heda (include guard): heda zote mbili zikianza na #ifndef RAMANI_H, ya pili itarukwa kimyakimya. Mpe kila mlinzi jina lake, mfano KIGOMA_RAMANI_H.