Kitabu cha bure cha kanzidata: nianze nacho?

SWALI

Mimi ni karani katika saccos moja hapa Morogoro. Kumbukumbu zetu za wanachama, hisa na mikopo ziko kwenye Excel, na kila mwisho wa mwezi hesabu hazikubaliani. Rafiki yangu amenitumia kitabu cha bure cha Microsoft kinachotambulisha SQL Server 2016, programu yake ya kanzidata. Nimesoma kurasa za mwanzo, nyingi sikuzielewa. Je, mimi ndiye mzito wa kuelewa, au kitabu hakinifai? Na je, nimshauri meneja tununue programu hiyo?

Karani, Morogoro

JIBU

Wewe si mzito wa kuelewa. Kitabu hicho, kilichoandikwa na Stacia Varga, Denny Cherry na Joseph D'Antoni, ni kazi nzuri, lakini walengwa wake ni watu waliokwisha kuzoea matoleo ya nyuma ya SQL Server. Hao walitaka kujua safari hii kimeongezwa nini. Wewe unataka kujua uanzie wapi. Ndiyo maana mnapishana.

Kumbuka pia kwamba anayekitoa kitabu bure ndiye anayeuza programu. Hakuna ubaya hapo, mradi msomaji ajue. Kitabu cha utambulisho kitakueleza programu inaweza kufanya nini; kama saccos yenu inayahitaji hayo, hilo ni lenu kupima.

Tena mambo mapya hayakawii kuchakaa. Mwaka 2016 Stretch Database, jambo jipya la SQL Server, ilikuwa habari kubwa: ilihamishia data za zamani kwenye seva za Azure, huduma ya mtandaoni ya Microsoft, huku watumiaji wakiendelea kuzisoma kama kawaida. Lilipotoka toleo la 2022, Microsoft yenyewe ikaiweka katika orodha ya mambo inayoyaacha. Aliyetumia miezi kuisomea hana pa kuitumia.

Sasa tazama upande wa pili, wa mambo yaliyodumu. Mwaka 1970 Edgar Codd, mtafiti wa IBM, alipendekeza data zipangwe katika majedwali yanayohusiana. Mwaka 1974 Donald Chamberlin na Raymond Boyce, wa kampuni hiyohiyo, wakatoa lugha ya kuyauliza majedwali hayo, ambayo leo tunaiita SQL. Mpaka sasa SQL Server, PostgreSQL, MySQL na SQLite zote zinasimama juu ya msingi huo. Ukiujua, utahama programu moja hadi nyingine bila kuanza upya. Anza hapo.

Chukua kazi yenu iwe somo. Bila shaka lipo faili moja la Excel lenye jina la mwanachama, simu, mkopo na marejesho katika mstari mmoja. Jina likiandikwa kwa namna tatu, Excel inaona watu watatu, na hesabu zinaachana hapo. Chora kwenye karatasi majedwali matatu: wanachama, mikopo, marejesho. Kila mwanachama apewe namba yake isiyorudiwa. Jedwali la mikopo libebe namba hiyo badala ya jina, na kila rejesho libebe namba ya mkopo wake. Ukiweka sharti hilo, kanzidata itakataa rejesho lisilo na mkopo.

Kisha jifunze muamala. Mkopo unapotolewa, salio la mfuko hupungua na deni la mwanachama huongezeka. Umeme ukikatika katikati, kanzidata iliyopangwa vizuri huandika yote mawili au haiandiki hata moja. Kwa chombo kinachotunza fedha za watu, hii ndiyo sababu kubwa ya kuachana na Excel. Ukishayaelewa haya, kirudie kitabu chako, hasa sura ya usalama. Utaona kinasomeka.

Kuhusu kununua, mwambie meneja asubiri. Kitabu kuwa bure hakuifanyi programu kuwa bure, kwa hiyo someni leseni. SQL Server ya Developer haina malipo, lakini ni ya kujifunzia na kufanyia majaribio tu. Kuiendeshea ofisi ni kuvunja masharti. SQL Server ya Express ni bure hata kazini, na katika toleo la 2016 kila kanzidata inaishia GB 10. Kwa majina na tarakimu za saccos ya kawaida, hiyo ni nafasi kubwa. PostgreSQL nayo ni bure bila kikomo cha namna hiyo, na mwongozo wake kamili hutolewa bure pia. Mkichagua SQL Server, msianze na 2016: Microsoft iliweka tarehe 14 Julai 2026 kuwa mwisho wa msaada kwa toleo hilo. Chukueni jipya, na lipakuliwe kutoka kwa Microsoft yenyewe, si kutoka kwenye flashi ya mtu.

Unapojifunza, tumia wanachama wa kubuni. Usibebe taarifa za wanachama halisi kwenye laptopu yako ya nyumbani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaibana taasisi yenu, na hata isingekuwepo, watu hao wamewaamini.

Mkifika hatua ya kuhama, endesheni Excel na kanzidata sambamba hadi jumla za mwisho wa mwezi zilingane. Wekeni nakala rudufu nje ya ofisi, kisha jaribuni kuirejesha kwenye kompyuta nyingine. Nakala ambayo haijawahi kurejeshwa si ya kutegemea, kwa sababu siku ya ajali ndipo mtagundua kama ilikuwa nzima.

Hukumu yangu ni hii: kitabu kihifadhi, lakini usikifanye mwalimu wako wa kwanza. Jifunze majedwali na SQL, ukishaweza ndipo uchague programu. Na meneja asitoe hata shilingi ya wanachama kabla hamjaona hesabu za mwisho wa mwezi zikikubaliana kwenye majaribio.