Somo la Bahari: Jinsi ya Kupanga Safari ya Kumtazama Nguva

Nahodha anayefunga mashua yake gatini Lamu au Mokowe huenda siku moja akaulizwa na mgeni, "Utanipeleka nikamwone nguva?" Jibu rahisi ni "ndiyo", kwa kuwa mgeni yuko tayari kulipa na mashua ipo. Jibu la kweli ni kwamba hakuna nahodha anayeweza kumwahidi mtu nguva. Mwaka wa 2022, shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, liliweka nguva wa pwani ya Afrika Mashariki katika daraja la viumbe walio katika hatari kubwa mno ya kutoweka. Ilikadiriwa kwamba nguva wazima waliobaki hawafiki 250, na wengi wao wako Msumbiji.

Je, hiyo ina maana kwamba tusiende? La. Ina maana kwamba safari ipangwe vyema, ili mgeni arudi ameelimika, nahodha apate riziki yake, na nguva asidhurike. Somo hili ni la mwananchi anayetaka kwenda na jamaa zake, mwalimu anayepeleka wanafunzi, na nahodha anayetembeza wageni.

NGUVA NI MNYAMA GANI?

Hadithi za pwani humpa nguva sura ya mwanamke. Nguva wa kweli ni mnyama anayevuta hewa kama sisi, huzaa na kunyonyesha, na katika wanyama wa nchi kavu ana ujamaa na ndovu. Mzima hufikia urefu wa mita 3 na uzani wa kilo 400 hivi. Chakula chake ni nyasi za baharini, na kwa siku moja anaweza kula hadi kilo 40. Ndiyo sababu hukaa kwenye maji ya kina kifupi, ambako mwangaza wa jua hufika chini na nyasi huota.

Wageni wengine humwita manatii. Manatii ni jamaa ya nguva, lakini hayupo katika bahari yetu. Yuko Afrika Magharibi, katika mto Amazon, na katika maji ya Karibi na Florida, Marekani. Njia rahisi ya kuwatofautisha ni mkia: wa manatii ni wa mviringo kama kafi, na wa nguva umegawanyika mara mbili kama wa pomboo.

TUNAJIFUNZA NINI KUTOKA FLORIDA?

Mji wa Crystal River, Florida, ni mfano wa mahali ambapo safari kama hizi zimepangwa kwa miaka mingi. Manatii hawezi kustahimili kwa muda mrefu maji yenye baridi ya chini ya nyuzi 20. Kwa hiyo, kuanzia Novemba hadi Machi, makundi yao huingia katika chemchemi za hapo, ambazo maji yake hubaki nyuzi 22 hivi mwaka mzima. Anayetaka kuwaona hupanga safari kufuata majira ya mnyama. Wageni hufunzwa kanuni kabla ya kuingia majini: wasimfukuze, wasimpande, wasimzingire. Baadhi ya sehemu hufungwa kabisa ili wanyama wapumzike.

Hata hivyo, kanuni za wageni peke yake hazikutosha. Mwaka wa 2021, manatii zaidi ya 1,000 walikufa Florida. Wengi walikufa kwa njaa upande wa mashariki wa jimbo hilo, baada ya uchafu kuharibu maji na nyasi za baharini kufa. Fundisho kwetu ni kwamba anayetaka kumwona nguva lazima kwanza alinde malisho yake.

HATUA ZA KUPANGA SAFARI HAPA KWETU

1. Chagua eneo. Maji ya visiwa vya Lamu kuelekea Kiunga ndiyo maarufu zaidi kwa nguva nchini Kenya. Huko iko Hifadhi ya Bahari ya Kiunga, iliyotengwa mwaka wa 1979. Kabla ya kuingia hifadhini, wasiliana na maafisa wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, ujue taratibu, ada na hali ya usalama.

2. Chagua majira. Wakati wa kusi, hasa Juni hadi Agosti, bahari huchafuka na mawimbi huficha kila kitu. Matlai na siku tulivu za kaskazi ni bora, kwa kuwa maji hutulia na kuwa maangavu.

3. Soma maji. Maji yakijaa, nguva anaweza kusogea kwenye nyasi zilizo karibu na ufuo. Maji yakipwa, tazama nyasi zenyewe. Nguva akila hung'oa nyasi pamoja na mizizi, na huacha njia nyembamba iliyopindapinda, kama iliyolimwa. Hata usipomwona mwenyewe, ukiiona njia hiyo umejua kwamba amepita.

4. Chagua nahodha na chombo. Tafuta nahodha anayeyajua maji hayo na aliye na leseni. Kila abiria avae jaketi la kuokolea maisha, watoto wakiwemo. Waachieni watu wa nyumbani habari: mnaenda wapi, mko wangapi, na mnarudi saa ngapi.

5. Enda polepole. Juu ya nyasi, punguza mwendo na uweke mtu mbele wa kutazama. Dau la tanga lina faida hapa, kwani halina kelele wala panga la injini. Usitie nanga juu ya nyasi. Tia kwenye mchanga mtupu.

6. Jua unachokitafuta. Nguva huibuka kuvuta hewa kila baada ya dakika chache, kisha huzama. Utaona pua, halafu mgongo wa rangi ya kahawia au kijivu usio na pezi. Ukiona pezi mgongoni, huyo ni pomboo.

7. Akionekana, zima injini. Kaa mbali, angalau mita 100, na umwache yeye aamue kusogea au kuondoka. Usijiweke kati ya mama na mtoto. Usiruke majini. Nguva anayefukuzwa huacha kula, na mtoto anaweza kupotezana na mama yake.

Kwa manahodha, ushauri ni huu: msiuze safari kwa jina la nguva pekee. Uzeni safari ya bahari: nyasi, mikoko, kasa, ndege wa visiwani, na simulizi za wazee wavuvi waliowahi kumwona nguva. Mgeni aliyeambiwa ukweli tangu gatini hatalalamika akirudi, wala hatakushinikiza kumfukuza mnyama ili apate picha.

KWA NINI MMOJA TU NI HASARA KUBWA?

Hebu tupige hesabu. Nguva jike hubeba mimba kwa takriban miezi 13 na huzaa mtoto mmoja. Kati ya uzazi mmoja na mwingine inaweza kupita miaka 3 hadi 7. Tuchukulie jike aliyeanza kuzaa akiwa na miaka 10, akazaa kila baada ya miaka 5. Akifika miaka 50 atakuwa amezaa watoto wanane au tisa, na si wote watakaokua. Akinaswa leo na kufa, hatukupoteza mmoja. Tumepoteza na wale ambao angewazaa.

Adui mkubwa wa nguva ni wavu wa kutega, hasa jarife linaloachwa majini usiku kucha. Akinaswa na kushindwa kuibuka, hufa kwa dakika chache. Mvuvi huwa hakumkusudia, na wavu wake pia huharibika. Kwa hiyo, ni heri kutotega jarife juu ya nyasi, na kukaa karibu na wavu badala ya kuuacha.

Ukimkuta nguva aliye hai wavuni, inua pua yake juu ya maji ili apate hewa. Kata wavu. Usimvute kwa mkia wala kumpandisha chomboni. Mwachilie taratibu, kisha uwajulishe viongozi wa BMU yako na maafisa wa KWS. Kumbuka kwamba nguva analindwa na sheria ya wanyamapori ya mwaka wa 2013. Kumwua, au kuuza nyama na mafuta yake, ni kosa.

BAADA YA SAFARI

Andika tarehe, saa, mahali, idadi ya nguva, kama kulikuwa na mtoto, na walichokuwa wakifanya. Peleka habari hizo kwa KWS au BMU. Usitangaze mahali hasa kwenye mitandao ya kijamii. Boti kumi zikifika kesho yake, nguva atahama. Kama hukumwona, andika pia ulikopita na hali ya nyasi, kwani hiyo nayo ni habari ya maana.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Taja tofauti moja kati ya nguva na manatii.
2. Kwa nini safari ya kumtazama nguva haifai kupangwa wakati wa kusi?
3. Ni dalili gani kwenye nyasi inayoonyesha kwamba nguva amepita?
4. Ukimkuta nguva hai wavuni, utafanya nini kwanza?
5. Waulize wazee wa mtaa wako: mara ya mwisho nguva alionekana wapi, na mwaka gani? Andika majibu yao, uyalinganishe na ya wenzako.